Majibu Yasiyo Yangu

Sijawahi kuamini kitu cha bure. Kwa hiyo siku mshauri wa afya wa mtaa wetu wa Gitega alipokuja kuniambia nimechaguliwa kuwekewa programu kwenye simu, ya kunisaidia kulea mtoto vizuri, swali langu la kwanza lilikuwa: nimechaguliwa na nani?

Alicheka. Ni mwanamke mpole, ndiye anayepima watoto wetu uzito, na nyumba yenye homa anaijua kabla ya wenyewe kumeza kidonge. "Mama, hii iko ya familia zile ziko na hatari kidogo," akasema. Neno hilo likaniudhi. Nilikuwa naishi na binti mmoja tu, yatima wa mdogo wangu, niliyemchukua akiwa hajaanza kutembea. Tulikuwa tunakula, tunasali, anakwenda shule. Hatari ilitoka wapi?

Nilidhani najua. Binti ana shangazi, dada wa baba yake, anayekaa Ndera kwenye nyumba mpya yenye maua uani na chumba kisicho na mtu. Kila mara aliponipigia simu alinikumbusha kwamba kwetu mtoto ni wa upande wa baba, na kwamba ameniachia kwa heshima tu. "Ila nikisikia anapata shida hapo," alikuwa akisema, "nakuja kumchukua siku hiyohiyo." Nikisikia. Hakusema nikiona, alisema nikisikia. Tangu hapo kila sikio la Gitega nililihesabu kuwa lake, na Gitega nyumba zimebanana kiasi kwamba jirani akikoroga chai unajua ameweka sukari au hakuweka.

Hata hivyo nilikubali programu, kwa sababu kukataa kungesikika vibaya zaidi.

Kila jioni simu ilitoa mlio, na sauti ya mwanamke, Kinyarwanda safi cha redioni, ikaniuliza kama leo nimecheza na mtoto, kama nimemsifu, kama kuna mtu aliyepaza sauti nyumbani. Chini ya maswali, kwenye kioo, kulikuwa na sehemu ya kuandika kama una neno la ziada. Nilijibu kama mtu aliyesimama mbele ya hakimu. Nimecheza. Nimemsifu. Hakuna aliyepaza sauti. Ziada sikuandika kamwe, mtu hujiponza kwa ziada.

Lakini mafunzo mengine niliyajaribu, kwa siri. Sauti ilisema nimsifu mtoto kwa jambo dogo alilofanya. Asubuhi binti akafagia, nikamwambia, "Umefagia vizuri sana, mwanangu." Akasimama na ufagio mkononi, akanitazama kwa wasiwasi.

"Mama mkubwa, nimefanya nini?"

"Umefagia."

"Kabla ya hapo."

Nikajua huyu ni wa damu yangu kabisa.

Kazi yangu ni sambusa. Nazikaanga nyumbani, na alasiri nazipeleka Gisimenti kwenye sehemu za kula na za kunywa. Ninapokanda unga siwezi kushika simu, na kufuli la simu nilishaliondoa kwa sababu lilinichosha na vidole vyenye mafuta. Tena uani kwetu simu ya kisasa si ya mtu mmoja. Anayeihitaji anaomba, anapewa, anasogea nayo pembeni kidogo, anarudisha. Ukimnyima mtu simu ni kama umemnyima maji.

Aliyeomba zaidi alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Ni mwanamke mdogo, amekulia Uganda, mkimya, na ana mtoto wa kike wa umri wa kuanza chekechea. Yeye pia ana simu, nzuri kuliko yangu, lakini alisema haina salio. "Naomba simu kidogo, mama, niongee na mzee wangu ya kule Mbarara." Naye anasimama kwenye kona ya bafu, mgongo ukutani. Mumewe ni fundi wa pikipiki, hodari, mcheshi. Kwenye ile jioni ya familia, mkutano wa mtaa wa kuzungumzia mambo ya nyumbani, ndiye mwanamume anayesimama kusema mtoto alelewe kwa upendo. Watu humpigia makofi. Mimi pia nilimpigia.

Kisha sauti ya simu ikaanza kubadilika.

Mwanzoni iliniuliza kama najisikia salama nyumbani. Nikabonyeza ndiyo. Kesho yake ikanifundisha namna ya kutulia mume anapokasirika. Mume gani? Wangu alishakwenda zake zamani, na sikumlilia. Siku nyingine ikaniambia, kwa ule upole wake, kwamba mtoto anayeogopa usiku anahitaji kushikwa mkono. Binti yangu akilala hata bomu halimwamshi. Nikaanza kuamini kwamba simu inasikiliza nyumba isiyo yangu, au kuna mtu anaipelekea uongo juu yangu. Nikaifunga kwenye taulo la jikoni, nikaitia ndani ya debe la unga. Binti akaniuliza kama simu inaumwa.

Ndipo nikakumbuka jambo. Jirani aliporudisha simu, kioo chake kilikuwa safi. Mimi kioo changu hakijawahi kuwa safi, kina mafuta ya sambusa tangu nilipokinunua. Mtu anayefuta kioo anafuta nini? Nikatazama orodha ya simu zilizopigwa. Hakuna hata moja ya Mbarara.

Nilikasirika kweli. Nikaona picha yote: shangazi wa Ndera amempata huyu mkimya, anamtumia, na majibu mabaya yanapikwa kwenye kona ya bafu ili siku moja yasomwe mbele yangu. Hata salamu nikaanza kuzifupisha. Alipoomba simu tena nikamwambia imeisha moto, haina chaji. Alisimama mlangoni kwangu muda mrefu kuliko ilivyofaa, kisha akasema, "Haya mama, murakoze," asante ya Kinyarwanda, akaondoka. Nilifurahi, nasema kweli. Nilijiona mjanja.

Siku chache baadaye mshauri wa afya akaja, safari hii hakucheka. Aliingia ndani, akaurudisha mlango, akakaa kwenye kitanda cha binti. Upande wa pili wa ukuta fundi alikuwa nyumbani, anagonga chuma fulani, ko, ko, ko.

"Mama, iko neno wamenitumia kutoka kule kwa programu," akasema. Alijitahidi kunong'ona, lakini ana sauti ya kuita watu kwenye chanjo. "Wanasema umeandika maneno mazito. Kwamba mtoto anapigwa. Na kwamba mtoto analala na viatu. Ni kweli, mama?"

Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema oya, hapana, si mimi, ni yule mwongo wa upande wa pili. Kisha neno viatu likanifikia.

Viatu vile nilivijua. Ni vya plastiki, vyekundu, vya kufungwa kwa kifungo pembeni. Vilikuwa vya binti yangu, vikambana, nikampa mtoto wa jirani. Nilikuwa nimemwona navyo akicheza, akila, akilala mchana mgongoni kwa mama yake, na nikacheka kwamba mtoto anavipenda. Havivui kamwe. Mtoto anayelala na viatu yuko tayari kukimbia. Na mwanamke mwenye simu nzuri anayeomba ya jirani ana mtu anayepekua ya kwake.

Upande wa pili, chuma kilikuwa kimenyamaza.

Fundi alikuwa anasikiliza. Hakugonga, hakukohoa. Nikisema si mimi, swali linalofuata ni nani mwingine ameshika simu hii, na kila mtu uani anajua ni nani. Nikisema ni mimi, habari itafika Ndera. Nilimwogopa shangazi kuliko ugonjwa. Na yule jirani nilikuwa bado nimemkasirikia, nataka lieleweke, hasira haikuwa imeondoka.

"Ni mimi," nikasema, kwa sauti ya kusikika. "Nimeandika mimi."

Chuma kikaanza tena, ko, ko.

Mshauri alinitazama, akatazama miguu ya binti yangu iliyokuwa peku mlangoni. Akasema itabidi niende kwenye ofisi ya serikali ya sekta yetu kila wiki, kuna mama wa kuzungumza naye. Nikamwambia sitakwenda peke yangu, naona aibu, jirani anisindikize. Aliuangalia ukuta. "Kusindikizwa inaruhusiwa," akasema. Kama alielewa sijui. Sikumwamini vya kutosha kumweleza.

Basi tukawa tunakwenda. Fundi alimruhusu mkewe kwa moyo mweupe, amsaidie mama mwenye matatizo. Ofisini mimi nilikaa kwenye benchi la nje nikitazama magari, yeye akaingia chumbani na mlango ukafungwa. Njiani hatukuzungumza juu ya lolote isipokuwa bei ya viazi. Mara moja tu alisema, "Mama, umejiharibia jina." Nikamwambia atembee haraka, unga wangu unakauka.

Jina kweli liliharibika. Uani wanawake waliacha kuwatuma watoto wao kwangu. Kwenye jioni ya familia fundi alisimama akasema, bila kutaja mtu, kwamba wapo akina mama wanaopiga yatima wa watu, tuwasaidie, tusiwachukie. Watu wakapiga makofi na kunitazama. Tulipotoka akanisogelea, akanishika bega kwa huruma. "Pole, mama. Mtoto hapigwi. Mtoto unaongea naye." Nilitamani kumtapikia.

Shangazi alikuja Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, saa ambayo watu wametoka kuzibua mitaro na wote wako uani wananawa miguu. Hakupiga simu kwanza. Ni mwanamke mkubwa, mrefu, mwenye mkoba wa ofisini, na nyuma yake dereva alibeba begi tupu. Nilipoliona begi lile nilijua limekuja kwa nguo za nani.

"Nimesikia," akasema.

Aliketi kwenye stuli mbele ya mlango wangu. "Nenda ukusanye nguo zako, mwanangu," akamwambia binti. Binti akanikumbatia kiunoni, akasema hanipigi, shangazi, hanipigi, na kadiri alivyolia ndivyo alivyoonekana mtoto anayepigwa. Mimi nikamkumbatia. Ningeweza kunyoosha kidole na yote yangekwisha. Fundi alikuwa amesimama karibu na bomba, jembe la umuganda mkononi, anatikisa kichwa kwa masikitiko.

Ndipo mlango wa jirani ukafunguka. Alitoka na mtoto mgongoni, hajavaa hata kitambaa kichwani, akasimama katikati ya ua ambapo kila mtu angemwona.

"Huyu mama hajapiga mtu," akasema. "Yale maneno kwa simu iko yangu. Mtoto mwenye kulala na viatu iko wangu. Mwenye kupiga, muulizeni huyo."

Hakumtazama mumewe aliposema. Fundi alicheka, kile kicheko chake cha mkutanoni, akatutazama mmoja mmoja akitafuta wa kucheka naye. Hakumpata. Akapiga hatua moja kuelekea kwake. Shangazi akainuka kutoka kwenye stuli, akasimama katikati yao na mkoba wake, akamwambia, "Weka jembe chini, bwana." Alisema kama anavyoniambia mimi kwenye simu, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba mwanamke yule ana sauti hiyo. Jembe likawekwa. Fundi akatoka getini, na hakuna aliyemuaga.

Nilikuwa nimemwita mwongo moyoni. Siku ile niliyomnyima simu alikuwa anaomba nini, sasa nilijua, na nililia mbele ya ua mzima bila kujificha.

Shangazi hakuniomba radhi. Alisema atarudi kumwangalia binti, na kwamba chumba chake cha Ndera kipo wazi kwa mtu anayekihitaji leo. Begi alilomletea binti akampa jirani, naye akaingia kwake kukusanya nguo upesi, mshauri wa afya, aliyekuwa ametoka umuganda na wenzake, amesimama mlangoni kumlinda.

Mtoto tulimlaza kwenye mkeka wangu wakati huo. Alikuwa amechoka, akasinzia. Binti yangu akachuchumaa, akafungua kifungo cha kiatu kimoja polepole, kisha cha pili, akavipanga pembeni. Miguu ilikuwa na alama nyeupe za plastiki pande zote.

Mtoto akafumbua macho. Akaangalia miguu yake, akaangalia mlango, akanyoosha mkono.

"Viatu," akasema.

Tukamvalisha.