Baiskeli ya Sebuleni

Mtaani walimwita Usiguse, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Alikuwa mchoraji wa vibao vya maduka. Alipomaliza kuifufua baiskeli ya marehemu baba yake, alichora kibao kidogo cha herufi za dhahabu, USIGUSE, akakitundika kwenye usukani. Baiskeli ikawekwa sebuleni, mahali pa kochi. Kochi likahamia barazani, na mkewe akawa anatazama runinga kwenye kiti cha plastiki.

Hakuwa mtu wa majivuno. Aliogopa tu. Aliamini kwamba mchubuko mmoja ungemwondoa baba mara ya pili.

Asubuhi moja dada yake mkubwa, mkunga mstaafu, alikuja kuwasalimia. Hata hakukaa.

"Mdogo wangu, nitolee hiyo baiskeli niizungushe kidogo."

"Dada, hii si ya kuendeshwa."

"Ni ya kufuga?"

"Ni kumbukumbu ya baba."

"Kwani baba alikuwa anasimama sebuleni? Baba yangu mimi alikuwa anakwenda. Nikisikia tiki-tiki ya gurudumu mteremkoni, najua amerudi. Nataka kuisikia tena kabla sijawa kiziwi."

"Ichukue, wifi," mkewe alidakia kutoka jikoni. "Na ukipotea nayo, hatukutafuti!"

Usiguse akaitoa nje mwenyewe, ameikumbatia kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Dada akakusanya gauni, akapanda, akaanza kuteremka nayo mteremkoni.

Tiki-tiki-tiki. Sauti ile Usiguse alikuwa ameisahau kabisa.

"Mbona breki hazishiki?" dada akapiga kelele.

Breki za baiskeli zile za zamani hubana ringi, na ringi hizo za magurudumu Usiguse alizisugua kwa nta kila Jumapili, mpaka akajiona sura. Raba za breki ziliteleza kama zimepakwa sabuni. Dada akalipita duka, akampita kinyozi aliyebaki na mashine hewani na mteja aliyenyolewa upande mmoja, akaenda kujichomeka kwenye lundo la mchanga wa ujenzi.

Usiguse alifika akihema.

"Imechubuka?"

Watu waliokimbilia pale wote wakamgeukia.

"Mimi sijambo," dada alisema, akipangusa mchanga puani. "Ahsante kwa kuniuliza."

Kwenye madigadi ya mbele palikuwa na mchubuko mrefu kama kidole. Usiguse akautazama, akingoja baba aondoke. Baba hakuondoka.

"Lakini umeisikia?" dada akanong'ona.

Aliitikia kwa kichwa.

Jioni mkewe alimkuta kizingitini na brashi na ndoo ya maji ya sabuni, anazisugua ringi kwa hasira.

"Unaing'arisha tena?"

"Natoa nta. Kesho anakuja tena, na huyu mwanamke ataua watu."