Bega la Mwenyekiti na Ngozi ya Kitunguu

Watu wakiniuliza binti yangu anasomea nini huko ng'ambo, nawaambia baiolojia. Wanauliza, "Kwa hiyo atakuwa daktari?" Nimechoka kueleza. Siku hizi najibu kwamba ndiyo, daktari wa vitunguu, naendelea kukanyaga cherehani yangu.

Jina lake la nyumbani ni Sisimizi. Alipokuwa mdogo alilala kifudifudi chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa, akiwafuata sisimizi kwa macho kutoka ufa huu wa sakafu mpaka ule. Ukimwita kula, hasikii. Shule ikamtoa sakafuni ikamkalisha mbele ya ubao. Walikuwa na hadubini moja, kile chombo cha kuonea vitu vidogo, nayo ilifungiwa kabatini isije ikaharibika. Kweli haikuharibika, maana hakuna aliyeigusa. Watoto walijifunza seli kwa kunakili picha ya ubaoni, na hakuna aliyenakili kama Sisimizi. Angekuchorea seli ya mmea amefumba macho. Alipopata nafasi ya chuo kikuu ng'ambo, nilifurahi mpaka nikashona mkono wa blauzi ya mteja upande usio wake.

Basi, muhula wa kwanza wakapewa mtihani wa vitendo. Kila mmoja na hadubini yake, kipande cha kioo, na juu ya kioo ngozi nyembamba ya kitunguu. Chora unachokiona. Binti yangu akachungulia mara moja, kwa adabu tu, kisha akachora ile picha ya ubaoni: ukuta wa seli, kiini, na vile vidonge vya kijani ambavyo mimea hutengenezea chakula. Alimaliza wa kwanza.

Mwalimu wake, mwanamume mrefu mpole wa koti jeupe, akaja akaitazama. "Picha nzuri sana," akasema. "Sasa nionyeshe hivi vya kijani viko wapi."

Sisimizi akainamia hadubini, akatafuta, akatafuta tena. Jamani, kitunguu kinakaa chini ya udongo, kijani atakitoa wapi? Hata mpishi angemwambia. Akapewa sifuri na barua juu: arudie baada ya wiki mbili, na akianguka tena hana mwaka wa pili, arudi kwao.

Alinipigia simu asubuhi, nikiwa nampima Mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama. Mikono ilikuwa na kazi, nikaweka simu mezani kwa sauti ya juu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti imelegea?"

Akaeleza yote huku analia. "Mama, sikudanganya. Kitabuni ndivyo ilivyo."

Moyo uliniuma sana. Lakini mimi nikiumia hugomba, ndivyo nilivyoumbwa. "Mezani pako kulikuwa na kitabu au kitunguu?" nikamwambia. "Wewe umekulia chini ya meza hii. Umewahi kuniona nikishonea picha ya kwenye kalenda? Nampima aliyesimama mbele yangu. Huyu Mwenyekiti hapa, bega lake la kushoto limeshuka vidole viwili. Nikimkatia mabega ya picha, gauni litamning'inia. Nakata bega lililopo."

Nikainua utepe kuendelea kupima. Ndipo nilipokumbuka kwamba Mwenyekiti ana masikio. Miaka kumi na moja nimemshonea, na siri ya bega lile ilikuwa kati yangu na mkasi.

"Vidole viwili?" Mwenyekiti akauliza polepole.

"Kimoja na nusu," nikasema, ingawa maji yakimwagika hayazoleki.

Akajitazama kwenye kioo cha ukutani, kushoto, kulia, kushoto tena. Akashusha pumzi, akaisogelea simu. "Mwanangu, ni viwili. Msikilize mama yako."

Upande wa pili Sisimizi akacheka, na makamasi yake.

Tangu siku hiyo akajikaza kisabuni. Fundi wa maabara, mama mtu mzima mwenye funguo kiunoni, alimfungulia chumba kila alasiri. Akatazama ngozi ya kitunguu, bawa la nzi, vumbi la dirishani, chembe ya chumvi. Siku moja akachomoa uzi kwenye pindo la gauni nililomshonea la safari, akauchambua, akauweka chini ya hadubini. "Mama, pamba yako ni bapa," akanipigia kuniambia, "imejipinda kama utepe wako wa kupimia ukiuangusha." Nikamwambia aache kufumua gauni langu. Lakini nilimsikia sauti, ilikuwa ile ya chini ya meza, nikafurahi.

Siku ya kurudia mtihani nilibana pindo moja kwa pini mara tatu. Mwenyekiti alikuja eti kifungo kimelegea, akakaa. Hicho kifungo hakikuwa na neno.

Simu ilipolia tulikuwa wawili juu yake. Safari hii, akasema Sisimizi, hadubini ilikuwa moja, waliorudia wanaingia kwa zamu. Aliona seli zimepangana, bila kijani chochote. Aliona moja imechanika, akaichora imechanika. Na katikati ya yote kulikuwa na kitu bapa kilichojipinda. Kati ya waliomtangulia, mmoja alikiita mzizi wa ukungu, mwingine mshipa wa kitunguu. Kitabuni hakimo. Akikosea, ndege ya kurudi inamngoja. Hata hivyo akakichora, akaandika pembeni: unyuzi wa pamba, si sehemu ya kitunguu.

"Mwalimu akasoma," akasema, "akainamia hadubini muda mrefu. Halafu akainuka, akatazama mkono wa koti lake. Pindo limefumuka, nyuzi zinaning'inia. Akasema, 'Ni wangu huu.' Alicheka mpaka akamwita fundi wa maabara aje aone. Mama, nimefaulu. Nimebaki."

Mwenyekiti akapiga kigelegele, akanikumbatia pini zikiwa bado mdomoni mwangu. Nililia, sikatai.

Nilipopata sauti nikauliza, maana fundi ni fundi, "Na koti la watu umeliacha limefumuka vile vile?"

"Nimelipinda kabla sijatoka, mama. Mshono wa kuficha."

"Ulimpima kwanza?"

"Nilimpima. Mkono wake wa kulia ni mrefu kuliko wa kushoto, kidole kizima."

Mwenyekiti akalishika bega lake la kushoto. "Mwambie," akaninong'oneza, "asije akamtajia."