Darubini Niliyomchagulia Nahodha

Siku yangu ya kwanza katika klabu ya kulenga shabaha, huko Kaloleni, sikupewa bunduki. Mkuu wa Ghala la Silaha, mzee wa Malindi mwenye maneno machache, alinipa kitambaa kikavu na darubini, kile chombo cha kuonea mbali kinachofungwa juu ya bunduki. "Futa," akasema. "Ukiikwaruza, hiyo ndiyo kazi yako ya mwisho." Nikafuta, nikarudia kufuta. Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utotoni, na penye bunduki wasiwasi si ila.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuchagua. Kwanza tuitikise, tusikie kama ndani kuna kilicholegea. Tuitoe penye baridi tuipeleke juani, tuone kama kioo kinashika ukungu, maana hewa ya pwani haina huruma. Tuzungushe vifundo vya kusogeza alama ya msalaba ya kulengea, kisha tuvirudishe, tuone kama risasi nayo itarudi pale pale. Nguvu ya kukuza aliiacha mwisho. "Mwanangu, kioo kikikuza sana chakunyima kando," alisema. "Shabaha na bendera sharti uzione pamoja."

Maana ya bendera niliijua vizuri nilipohamishiwa uwanja mrefu wa Sabaki, wa mita mia nane. Huko shabaha huinuliwa na mtu aliye ndani ya shimo lenye ukuta. Huishusha, huziba matundu kwa karatasi na gundi, akaipandisha tena. Akitaka kutoka, huinua bendera nyekundu kando ya shabaha, na hapo hakuna anayegusa kifyatulio. Mtu wetu wa shimoni alikuwa Karisa, baba wa watoto wanne, mcheshi asiyechoka.

Nahodha mpya wa timu akaja na haraka zake. "Nataka nihesabu matundu nikiwa nimelala hapa hapa," aliniambia. "Nichagulie kubwa kuliko zote." Mkuu wa Ghala alikuwa amekwisha kustaafu, nami nilitaka kusifiwa. Nikachagua inayokuza mara thelathini na tano. Niliijaribu asubuhi, shimoni hamna mtu, nikayaona matundu yote. Nahodha akanipigapiga begani. Bendera sikuikumbuka kabisa.

Wiki ya pili, saa sita mchana, mazigazi yakicheza juu ya mchanga na upepo ukivuma wa kando, bendera ikainuka. Mimi niliiona kwa macho matupu. Nahodha hakuiona, kiooni mwake mlijaa karatasi nyeupe tu. Nilipopaaza sauti kumzuia, alikuwa amekwisha kufyatua.

Bendera ikaanguka.

Nilimwita Karisa kwa simu ya upepo, haikujibiwa. Nilimwambia Nahodha atoe risasi bundukini, nikakimbia. Nilikuwa na miaka hamsini na tano. Njiani nilipanga maneno ya kumwambia mke wa Karisa, na kila nilipoanza, nilianza na uongo. Niliogopa kufika, na kusimama niliogopa zaidi.

Nilimkuta ameketi chini ya ukuta, vumbi usoni, mkononi ana mti wa bendera uliokatika katikati.

"Mzee, imepita hapa," alisema, akionyesha kando ya sikio. "Mbona mwapiga na bendera i juu?"

Nilimshika mkono, tukalia sote wawili.

Katibu wa klabu alipouliza, Nahodha alilaumu jua, nami nikanyamaza. Jioni ile niliifungua darubini ile kwa mkono wangu, nikafunga ya mara kumi na mbili. Mwaka uliofuata nikastaafu.

Sasa niko kwangu Barani. Vijana huja kuniuliza wanunue darubini gani, nami huwaeleza habari za ukungu na vifundo, na ya bendera huirudia hadi wakachoka. Karisa naye huja. Akikuta wageni huwaambia, "Huyu mzee alinikimbilia mita mia nane kwa miguu yake." Hajui ni nani aliyekichagua kile kioo. Kila mara najiandaa kumwambia, na kila mara yeye hutangulia kunishukuru.