Mkufu wa Pauni wa Bibi

Juzi niliona kwa sonara sarafu ya dhahabu yenye picha ya Ngome ya Yesu, nikaikumbuka alasiri moja nyumbani kwetu Kuze.

Nilikuwa mtoto; niliporudi kutoka chuoni kusoma Kurani, chumba kilinukia ubani. Shangazi zangu wawili walikuwa wakimvua bibi mkufu wake wa pauni, zile sarafu za dhahabu, ambao hata usingizini hakuuvua. Kisha wakamtoa bangili. Leo naijua ada ya eda. Siku ile niliona wizi. Nikamng'ata shangazi mmoja mkono.

"Mwacheni. Babu akirudi kutoka kazini Kilindini nitamwambia."

Bibi akanivuta kifuani.

"Mwanangu, mke akifiwa na mumewe havai dhahabu."

Akaniwekea mkufu viganjani. Pauni zilikuwa bado zina joto la shingo yake.