Majina Yaliyotupwa

Mikorosho ya Likunja ilikuwa imechanua na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, umeshaivamia, naye Severini alikuwa ofisini kwenye chama cha wakulima, Ruangwa, akihangaika kutafuta majina mia mbili ya wakulima ambayo kompyuta haikuwa nayo.

Programu ile, ya skrini nyeusi na maandishi matupu, aliiandika mwenyewe mwaka huohuo wa 2003. Ndani yake aliweka amri moja ndogo: mashine ikiwa inahifadhi jina, itupe herufi zote zitakazobonyezwa wakati huo, vidole vya pupa visije vikaharibu orodha. Aliringia amri ile kama mzazi wa mtoto wa kwanza.

Hakumfikiria Mama Beatrisi, mpiga chapa mwenye uzoefu wa miaka ishirini, aliyefundwa kwenye taipureta asibandue macho kwenye karatasi. Kompyuta kongwe ikijikongoja kuhifadhi jina moja, yeye keshaandika la pili. Likatupwa.

“Fomu za majina ziko wapi, mama?” Severini aliuliza.

“Si nimezichoma! Nani aliniambia kompyuta haisahau?”

Nje, salfa, dawa ya ubwiri, ilikuwa ikigawiwa kwa waliomo kwenye orodha tu. Severini aliifuta ile amri, akajaribu tena. Programu ikaenda vizuri kabisa, wala haikurudisha hata herufi moja.

Mlangoni alisimama Mzee Nuhu na gunia tupu begani.

“Mjukuu wangu, siku ya kujiandikisha jina nililitaja taratibu, mbona halimo? Au mashine haikusikia?”

“Ilisikia, babu,” Severini alisema. “Mimi ndiye niliyeiambia itupe.”