Sampuli Ilipoangukia Ukweni

Miaka ile pamba ilipoachiwa wanunuzi binafsi, ofisi yetu ya Bariadi ilitaka kujua wakulima wanaishije. Mimi ndiye niliyeijua ile lugha ya kompyuta ya takwimu, na nilijivuna nayo kupita kiasi. Unaipa orodha ya kaya, unaiandikia amri ya mstari mmoja, inachagua yenyewe bila kumwonea mtu haya. Niliwatangazia wenzangu kwamba kaya ikishachaguliwa haibadilishwi, hata iweje. “Kompyuta haina mjomba wala mkwe,” niliwaambia.

Katika kijiji nilichopangiwa, upande wa Kiloleli, ikamchagua mama mkwe wangu.

Nilikuwa sijatimiza mwaka tangu nioe. Kwetu Usukumani mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Wakikutana njiani, mmoja hujitenga pembeni. Sasa mimi niketi nimhoji anakula nini? Ningebadilisha tu namba ya kuanzia kwenye ile amri, kompyuta ingetoa majina mengine, na vidole vilishafika kwenye vitufe. Lakini dada wa meza ya pili alikuwa ananitazama. Nikamwomba tubadilishane vijiji. Alicheka mpaka akashika meza.

“Si ulisema haina mkwe? Nenda, kaka. Si ndio hao waliokulisha mpaka mkanda ukagoma kufunga?”

Kweli, nilikuwa nimejisifu ofisi nzima jinsi ukweni walivyotukirimu siku tuliyokwenda na wazee kuposa.

Nikaenda. Nilikaa barazani kwa mama mkwe, mgongo nimeupa mlango. Yeye alikaa ndani, nyuma ya lundo la pamba ambalo wanunuzi walikuwa hawajalifuata.

“Mwangaluka, mayu,” nikamwamkia mama kwa Kisukuma.

“Mwangaluka, baba.”

Nikauliza moja moja, macho kwenye karatasi, jasho likinitoka. Hatimaye nikafika pale pa kuuliza kama mwaka ule kuna siku walilala bila kula. Nilitamani ardhi inimeze.

“Zipo,” akasema.

Fomu ilitaka kujua lini, nami mjinga nikauliza.

“Andika tu, baba. Ni siku zile baada ya ninyi wageni kuondoka.”

Niliandika, aibu imenijaa hadi masikioni. Siku ile ya posa sahani ilipokwisha, niliomba wali zaidi, na nikaletewa.