Ukungu Ukikushika Uskoti

Jumatano, kwenye treni ya Stockholm ya kwenda Vårby gård, binti mmoja aliyeketi mbele yangu alimwonyesha baba yake simu. Alikuwa amechora njia ya kupanda milima ya Uskoti, peke yake.

"Pappa, det är lugnt, usijali, ni matembezi tu!"

Mzee, Mrundi kwa lafudhi, aliweka kidole kwenye kilele. "Ukungu ukikushika hapa, mwanangu, utashukia wapi?"

"Nitafuata njia."

"Na usipoiona? Tulipokimbia vita tulitafuta kwanza pa kushukia. Waliokimbilia juu tu hatukuwaona tena."

Binti akafuta mstari wote. "Okej, pappa. Tutafute bonde."

Mimi nina digrii ya jiografia lakini sina kazi, arbetslös kamili. Nikajionea aibu: ramani ile ya kwanza, isiyo na pa kushukia, mimi ningeipa A.